Chupa Inayoisha Kwanza

Sidonie Cazals alikuwa mtu wa kuota macho wazi. Akishaweka mvinyo ulimini, usimsemeshe, maana hayupo: yuko vilimani, anapita shamba hadi shamba katikati ya mizabibu, akiamkia kila shina. Kwa miaka ishirini na sita alichanganya mvinyo mwekundu wa ushirika wa kijiji chao huko Corbières, kusini mwa Ufaransa, mvinyo wa euro tano, wa watu wenye njaa. Wataalamu wa mjini huonja kisha wakatema ndooni. Yeye aliwacheka. Mvinyo usioonjwa na chakula, alisema, haujaonjwa.

Kwa hiyo kila Januari alipika chungu cha maharage meupe kwa nyama ya bata na soseji, akaweka mezani michanganyiko miwili katika chupa kubwa zisizo na jina, moja ina uzi mwekundu shingoni, nyingine mweupe. Wanachama walikula, wakanywa, wakapiga soga. Kura haikupigwa. Chupa iliyoisha kwanza ndiyo iliyokuwa mvinyo wa mwaka. Siku hiyo mwenyewe alikunywa maji, asije akapendelea.

Mwaka huu hata maji hayakumzuia kupendelea. Chupa ya uzi mwekundu ilikuwa na Carignan ya Mzee Fulcran, zabibu za mashina yaliyopandwa na babu wa mzee huyo, yaliyopinda kwa uzee na kuzaa kiduchu. Ya uzi mweupe haikuwa nayo. Azéma, mwenyekiti wa ushirika, alishatangaza kwamba zabibu zisizoingia kwenye mchanganyiko hazitapokelewa tena. Fulcran, na miaka yake themanini, angezipeleka wapi? Angeyang'oa tu mashina. Na Sidonie aliyapenda kuliko alivyowapenda baadhi ya ndugu zake. Utotoni alilala chini yake mchana kutwa, akiamini kwamba yanapumua.

Wote wakala. Upepo ulisukuma madirisha, mvuke ukapanda, na sauti za watu zikamfikia kwa mbali, kama za ng'ambo ya mto. Chupa ya uzi mwekundu ilishuka upesi. Azéma mwenyewe alijimiminia mara mbili bila kujua anachokunywa, na Sidonie akauma midomo asicheke.

Kisha akauona mkono wa Fulcran. Mzee alichovya mkate mchuzini, na kila tonge alilisindikiza kwa chupa ya uzi mweupe. Glasi ya pili, ya tatu, ya nne. Sidonie akamsogezea nyekundu karibu na sahani. Mzee akaisukuma kando kwa adabu, akanyoosha mkono mbali kuifuata nyeupe.

Nyeupe ikaisha.

Azéma akauliza ina nini. Sidonie angeweza kudanganya, maana nyuzi alizifunga peke yake. Lakini aliona haya kumpa uongo mtu aliyekunywa kwa moyo mweupe namna ile.

"Haina Carignan yako, mzee wangu," alisema.

Fulcran aliitazama glasi yake.

"Kumbe mashina nimeyang'oa mwenyewe," alisema. "Usilie, binti. Mjumbe hauawi. Maharage yameutaka huu, mimi ningefanyaje?"

Mzee akajifuta masharubu.

"Jumamosi uje tuyang'oe wote. Sitaki yaguswe na mkono wa mgeni."

Sidonie akasema atakuja.