Gari Lililovuta Kushoto

Mwalimu Taratibu hakupewa jina hilo na wazazi wake, alipewa na wanafunzi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiwafundisha watu kuendesha gari, na neno hilo lilimtoka mdomoni mara nyingi kuliko salamu. Taratibu na klachi. Taratibu kwenye kona. Taratibu, mama, huyo ni mbuzi wa watu. Hata mkewe alimwita hivyo, hasa siku ambazo chakula kimeshapoa mezani na bwana bado anatafuta kandambili.

Alikuwa na gari moja tu, dogo, jeupe, lenye breki na klachi za ziada upande wa abiria, pale alipokaa yeye akiwa tayari kuokoa roho za watu. Gari hilo ndilo lililokuwa shule yake, ofisi yake na shamba lake. Siku moja amelipaki mbele ya duka la mabati, lori likarudi nyuma bila kuangalia, likalikumba ubavu wa mbele wa kushoto. Dereva wa lori alishuka, akashika kichwa, akaomba radhi kama mtu aliyelelewa. Karatasi zake zote zilikuwa sawa. Watu walimpa mwalimu pole, kisha wakamwambia ana bahati, maana bima italipa.

Bima ililipa, tusiwasingizie. Ila waliilipa gereji waliyoichagua wao, yenye geti refu na mafundi waliovaa fulana za rangi moja. Gari lilikaa humo wiki tano. Kila mwalimu alipopiga simu aliambiwa kesho, na kesho ya mafundi kila mtu anaijua.

Siku ya kulichukua, binti wa mapokezi alimsogezea karatasi na kalamu.

"Saini hapa, mzee wangu, ndipo nikupe funguo."

"Inasemaje?"

"Kwamba umelikagua gari na umeridhika."

"Mwanangu, gari lenyewe sijaliona."

"Ndiyo utaratibu wetu, mzee. Ukishasaini funguo zinatoka, unakwenda kuliona."

Mtu mwingine angegoma. Mwalimu alikuwa na wanafunzi wanane waliomsubiri wiki tano nzima, na nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu wanaokohoa kwa makusudi. Akasaini. Mbuzi aliuziwa kwenye gunia, na gunia akalifunga kamba mwenyewe.

Gari lilikuwa limeoshwa likang'aa. Lakini hata hajafika njia panda ya kwanza alishajua ameumia. Mlango ulipiga mluzi. Boneti ilikuwa nyeupe ya maziwa, na gari lote lililobaki nyeupe ya karatasi. Hayo angeyavumilia. Lililomkata maini ni usukani: ukiulegeza kidogo tu, gari linakwenda kushoto, linatafuta mtaro.

Alirudi saa hiyohiyo. Fundi mkuu, mtu mnene mwenye maneno laini, alilizungusha gari uani mara moja, akashuka akitabasamu.

"Mzee wangu, kila gari lina tabia yake. Hili limekaa muda mrefu bila kutembea. Litazoea."

"Litazoea? Kwani ni ng'ombe?"

Fundi alicheka kweli kweli, akampigapiga begani, akaenda kunywa chai.

Huko kwenye bima, afisa aliyepokea malalamiko alifungua faili, akageuza karatasi, akamwonyesha sahihi yake mwenyewe. "Hapa umesema umeridhika, mzee." Akamwambia airudie gereji. Gereji wakamwambia aseme na bima. Alipigwa danadana hiyo miezi mitatu. Alijua benchi la bima lina mguu upi mfupi, akajua mlinzi wa gereji ana watoto wangapi. Mwanzoni alikuwa akirudi nyumbani akifoka, mkewe akimpoza. Baadaye aliacha hata kufoka. Alivua viatu, akakaa, akatazama ukuta. Kuna uchovu ambao usingizi hauutoi, na huo ndio uliomwingia.

Lakini kazi haingoji. Wanafunzi walikuwa wakija kila asubuhi, na gari ni hilohilo. Basi aliwafundisha kama lilivyo. "Shika kulia kidogo," alikuwa akiwaambia. "Kidogo tena. Hapo hapo, usiachie." Nao wakashika. Samaki mkunje angali mbichi, wamesema wahenga, na mwalimu aliwakunja kweli, ila aliwakunja kombo.

Miongoni mwao alikuwamo shemeji yake, mjane wa marehemu mdogo wake. Mama huyu alikuwa amesafisha sakafu za zahanati kwa miaka sita. Sasa dereva wa zahanati alikuwa anastaafu, na mganga mkuu alimwambia wazi: ukileta leseni kabla ya mwezi kuisha, kazi ni yako, usipoleta, natafuta mtu mwingine. Alikuwa na watoto wawili na magoti yaliyokwisha kuchoka na sakafu. Hakuwahi kukamata usukani maisha yake yote. Alikuwa akiendesha amekunja uso kama anayetunga uzi kwenye sindano, akirudia kwa sauti kila alichoambiwa: "Kulia kidogo. Kidogo tena. Hapo hapo."

Safari ya saba kule bima, Jumatatu moja, mwalimu alimkuta afisa mpya, kijana ambaye bado hajajifunza kuwakwepa watu. Kijana alitoka nje, akaliendesha gari hadi njia panda, akarudi. Akaliandikia barua liende kwa fundi mwingine. Huyu fundi wa pili alilala chini yake kwa dakika kumi tu, akatoka na chuma kinachoshikilia gurudumu. Chuma kilekile cha siku ya ajali! Wale mabwana wa fulana hawakukibadilisha. Walikigonga nyundo kikanyooka nusu, wakakipaka rangi nyeusi. Jioni ya Jumatatu hiyo gari lilikuwa limekaa sawa, linakwenda limenyooka hata ukiachia usukani. Mwalimu aliendesha hadi nyumbani akiimba. Mikono yake ya miaka ishirini na miwili ililizoea kabla hajamaliza mtaa wa pili.

Mtihani wa leseni wa wanafunzi wake wawili ulikuwa Jumatano ya wiki hiyohiyo. Na mwalimu alikuwa na kanuni yake: siku mbili kabla ya mtihani mwanafunzi hagusi gari, apumzike, akili itulie. Kwa hiyo Jumanne hakumwita mtu. Hakuna aliyeligusa gari lililonyooka isipokuwa yeye, na katika furaha yake haikumjia akilini hata kidogo kwamba kulinyoosha gari si kumnyoosha dereva.

Mtihani ulifanywa kwa gari hilohilo la mwalimu, mtahini akikaa pembeni, mwalimu akisubiri kwenye benchi la uani linalotazama barabara. Wa kwanza alikuwa muuza viatu mmoja. Alirudi ameanguka: amevuka mstari wa katikati mara tatu. Mwalimu alidhani ni woga. Kisha akaingia shemeji. Alifunga mkanda, akatazama vioo, akatoka getini vizuri kabisa. Hatua hamsini tu kwenye barabara, pua ya gari ikaelea kulia, ikaukanyaga mstari. Ikarudishwa. Ikaelea tena. Pikipiki iliyokuwa ikija ilipiga honi ikakwepa.

Mwalimu aliinuka kwenye benchi. Aliuona mkono wake mwenyewe pale kwenye usukani: kulia kidogo, kidogo tena.

Shemeji alirudi macho yamemjaa machozi. "Mimi ni mzito, shemeji. Tangu shuleni nilikuwa mzito. Umenifundisha ukachoka, mimi ndiye sikushika."

"Utarudia," alimwambia. Lilimtoka hivyo tu, kama neno la kumliwaza. Kurudia ni baada ya miezi mitatu, na yeye alilijua hilo vizuri.

Mtahini, mama mmoja mwembamba asiye na mzaha, alikuwa ameshaanza kuandika. Mwalimu alibaki amesimama pale. Alikuwa amechoka, na alichotaka ni kwenda nyumbani. Hakuna aliyemshuku. Faili lake la miaka ishirini na miwili lilikuwa safi, na kunyamaza kulikuwa rahisi kabisa.

"Mama," alisema, "usiandike kwanza. Hao wawili hawana kosa. Wameshika nilichowafundisha."

Akaeleza yote: lori, gereji, chuma kilichopakwa rangi, na kulia kidogo. Mtahini aliweka kalamu chini.

"Miezi mitatu umefundishia gari bovu, barabarani, kati ya watu?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Basi lete kibali chako cha kufundishia, mwalimu. Kitakaa hapa mpaka kamati ikae, na kamati haina haraka. Hao wawili wape nusu saa hapa uani, nitawapima upya."

Aliwapa hiyo nusu saa, wakizunguka uani, naye akisema maneno mapya kabisa: "Achia. Usishike. Acha liende lenyewe." Muuza viatu alianguka tena. Shemeji alifaulu, kwa kubahatisha kidogo, lakini alifaulu. Kibali cha mwalimu kilibaki kwenye droo ya mtahini. Wale wa gereji hakuna aliyewauliza neno, na mpaka leo wanaosha magari yakang'aa.

Wakati wa kurudi aliendesha shemeji. Walipita mitaa miwili.

"Kwa nini hukuniambia gari ni bovu?" aliuliza. "Mimi nilidhani magari yote ndivyo yalivyo."

Mwalimu alitazama mikono yake mapajani. "Nilichoka, shemeji. Niliona ni rahisi kukupinda wewe kuliko kuwanyoosha wao."

Shemeji aliwasha taa ya kuashiria, akatazama kioo, akasogea pembeni, akasimama. Alifanya kila kitu sawasawa kama alivyofundishwa.

"Ningeikosa ile kazi," alisema. "Wanangu, watoto wa ndugu yako."

"Ndiyo."

"Nikalia mbele yako, nikajiita mzito. Na wewe ukaniambia nitarudia."

"Nilikuambia hivyo, ndiyo."

Shemeji alingoja kama kuna neno jingine. Kisha akatia gia, akalirudisha gari barabarani, akampeleka nyumbani bila kumtazama tena.