Nilivyomkatia Nyanya Kathure Simu

Iko Jumapili moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo nashika kichwa. Tulikuwa tumetoka kanisani, mimi na babu yangu, tumekaa nje ya nyumba yetu hapa Laare tukingoja githeri yetu ya mahindi na maharagwe iive. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, umri ambao mtu anajiona ameshajua yote. Babu alikuwa amepita themanini na macho yake yameingia ukungu, hata namba za simu hakuweza kuzisoma. Kwa hiyo simu ya nyumba ilikuwa moja tu, yangu, na aliyetaka kuongea na babu alipiga kwangu.

Nilikuwa nimeinunua kwa jasho langu, kwa kazi ya kupanga miraa na kuifunga kwenye majani ya mgomba. Ilikuwa simu yangu ya kwanza ya kupapasa kioo, na ndani yake kulikuwa na mchezo. Msichana mwenye skafu nyekundu anakimbia juu ya mapaa ya nyumba, mbele yake kuta na mashimo, naye hasimami. Mchezo huo hauna mwisho. Unakimbia mpaka uanguke, halafu unaonyeshwa umefika umbali gani. Utamu wake ulikuwa hapa: ukikandamiza kidole kwenye kioo, wakati unapunguza mwendo. Ukuta uliokuwa ukikujia mbio unaanza kuja taratibu, nawe unapata nafasi ya kuamua utaruka au utainama. Lakini ni kwa sekunde chache tu, kisha unangoja nguvu hiyo ijae tena. Sitakudanganya, niliupenda mchezo huo. Baada ya kuinamia miraa tangu asubuhi, ulinipumzisha kichwa.

Basi Jumapili hiyo nilikuwa nimefika mbali kuliko siku zote. Ndipo simu ikaita. Jina la Nyanya Kathure likatokea katikati ya kioo, likamfunika msichana wangu. Nyanya Kathure alikuwa dada ya babu. Aliolewa Umbeere, kule Kiambere karibu na bwawa, na tangu wazeeke wote wawili hawakuwa na njia nyingine ya kuonana ila kupigiana simu kila Jumapili. Hilo nililijua vizuri. Nikaikata.

"Nani huyo?" babu akauliza.

"Ni watu wa kampuni ya simu, babu. Wanatangaza vitu vyao."

"Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili."

Ikaita tena, nikakata tena. Nikajiambia nitampigia nikianguka. Nikaanguka, githeri ikaiva, tukala, nikasahau. Katikati ya wiki alipiga nikiwa mapumzikoni, kidole kiko kwenye kioo, nikamkatia. Namba nisiyoijua nayo ikapiga, nikaikata hiyo pia. Baadaye nikaanza kuona aibu kumpigia, maana ningelazimika kueleza. Jumapili iliyofuata babu aliniuliza kama Kathure hajapiga, nikamwambia mtandao wa Kiambere una shida. Aligeuza uso kuelekea barabarani, kana kwamba angeweza kuona mtu akija.

Jumatano mtu akaja kweli, lakini alinifuata kazini. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye vumbi hadi magotini. Nilimtambua polepole: Njiru, mwana wa Nyanya Kathure. Hakunisalimia.

"Karimi, mjomba yuko hai?"

"Yuko hai. Mbona unauliza hivyo?"

Njiru alikalia gunia, akafunika uso kwa mikono. Kisha akanieleza. Mama yake alikuwa hospitalini Embu, ana uvimbe tumboni, na madaktari walitaka kumpasua haraka. Yeye alikataa. Alisema hataingia chumba cha upasuaji kabla hajasikia sauti ya kaka yake. Wakapiga, simu ikakatwa. Wakapiga kwa namba nyingine, ikakatwa. Mwishowe mama akashikilia kwamba kaka yake amekufa na watu wanamficha. "Amekataa hata kula," Njiru akasema. "Daktari amesema tunachelewa."

Mwanangu, niliiacha miraa pale pale. Nilimpeleka Njiru nyumbani. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kujitetea: chaji iliisha, simu ilianguka majini. Lakini nilipomwona babu akiinuka kwa furaha kwa kusikia sauti ya Njiru, maneno yote yakanitoka. Nikapiga magoti, nikamwambia kila kitu, mbele ya Njiru.

Babu alisikiliza bila kunikatiza. Nilingoja matusi. Akanyoosha mkono.

"Leta hiyo simu. Nionyeshe kitu kilichomshinda dada yangu."

Nikafungua mchezo. Babu akainamia kioo mpaka pua ikakaribia kukigusa.

"Huyu mwekundu ni nani?"

"Ni msichana, babu."

"Anakwenda wapi?"

"Haendi mahali. Anakimbia tu."

"Na sasa mbona ametulia?"

"Nimebonyeza. Ukibonyeza, wakati unapunguza mwendo, asianguke."

Babu akainua kichwa. "Kathure amelala kitandani siku hizi zote akinisubiri, na mimi nimekaa hapa nikimsubiri yeye. Sikukatazi kucheza, Karimi. Hata mimi nilicheza. Lakini nilikuuliza nani anapiga, ukaniambia watu wa kampuni. Mimi sioni. Macho yangu ni wewe."

Njiru alitaka tupige simu hospitalini saa hiyo hiyo, babu akakataa. Alisema ameshachoka na simu, na Kathure naye hataiamini tena; anataka kumshika dada yake mkono.

Tuliondoka alfajiri, tukafika Embu jua likiwa limepanda. Nyanya Kathure alikuwa amegeukia ukutani. Babu alipapasa kitanda mpaka akaupata mkono wake, akamwita kwa jina la utotoni ambalo sijawahi kulisikia kabla wala baada. Nyanya hakugeuka mara moja. Alianza kwa kuubana ule mkono. Kisha akageuka, wakalia wote wawili kama watoto, na mimi nikasimama mlangoni nisijue pa kuweka macho.

Nyanya alipotulia akauliza, "Kwa nini mlinikatia simu?"

Babu alinigeuzia uso. Nilielewa kwamba hatanisemea, wala hatanisemelea.

"Ni mimi, nyanya. Nilikuwa nacheza mchezo kwenye simu. Nisamehe."

Nyanya aliniangalia. "Mchezo," akasema. "Basi nikitoka huko ndani nikiwa hai, utanionyesha ni mchezo gani huo ulionipita mimi."

Alipasuliwa siku iliyofuata. Tulikaa kwenye benchi nje, babu akiomba kwa sauti ya chini, mimi nikiwa nimezima simu na kuitia chini kabisa ya mfuko. Alitoka hai. Siku ya tano akadai deni lake, nikampa simu. Kila mara aligonga ukuta wa kwanza, na kila mara akacheka huku ameshika kidonda, mpaka muuguzi akaja kutugombeza. Nikamfundisha kukandamiza kidole. Akavuka ukuta mmoja, akapiga kelele, wagonjwa wote wakamgeukia.

Nyanya Kathure aliishi miaka minne zaidi. Kila Jumapili alipiga, nami nilikuwa nampa babu simu kabla haijaita mara ya pili. Wakati mwingine hawakuwa na la kusema. Waliulizana kama mvua imenyesha, wakacheka, wakaagana. Hadi leo namshukuru Mungu kwa miaka hiyo minne ambayo sikuistahili. Namshukuru Njiru, aliyesafiri kutoka Embu hadi Laare badala ya kukata tamaa nasi. Namshukuru babu, ambaye tangu siku ile ya magoti hakulitaja tena kosa langu, hata tulipokosana kwa mengine.

Kwa hiyo, mwanangu, sikwambii uitupe simu. Cheza, ufurahi, ujana ni wako. Ila mtu wako akiita, acha unachofanya umsikilize kwanza, hasa akiwa mzee. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo, kabla uongo wa kwanza haujaomba wa pili. Usingoje mtu asafiri mbali kuja kuuliza kama wenzake wako hai.

Mungu akujalie watu wanaotamani kusikia sauti yako. Awaweke wazima, na akuweke karibu nao. Na siku utakayokosea, akupe wa kukusamehe kama alivyonipa mimi.