Chumvi Katika Bustani ya Mama

Mpaka leo mtu akinitajia dengu, damu inanichemka. Dengu zenyewe hazikunikosea. Ni punje ngumu tu, zenye kidomo kama cha kifaranga, na huku kwetu Wamaza hakuna aliyewahi kuzipanda wala kuzila kabla ya mradi ule kuja.

Mradi ulikuja ukiwa umeshaamuliwa huko mbali. Ulitaka kujua, kati ya aina nyingi za dengu, ni ipi inayoweza kuvumilia udongo wa chumvi. Nilimwambia mkubwa wetu, agronomu, mtaalamu wa kilimo aliyetoka Kinshasa, kwamba udongo wetu una shida zake, lakini chumvi si mojawapo. Akacheka. Akasema kama chumvi haipo, tutaileta.

Na kweli tukaileta. Nilikuwa nimesoma kilimo Kasongo na nilikaa bila kazi, na uwanja wa mama yangu ulikuwa karibu na kisima. Basi mradi ukaniajiri, ndoo za plastiki zikapangwa pale, chini ya paa la nyasi, kila aina ya dengu na ndoo zake, nami nikawa nazimwagilia maji yaliyokorogwa chumvi. Chumvi ileile inayofika kwetu kwa pikipiki, ambayo majirani huinunua kwa kijiko na kuifunga kwenye kipande cha plastiki. Walisimama wakinitazama nikimimina gunia zima ndani ya pipa.

"Dada," jirani mmoja akaniuliza, "chumvi hii yote iko ya kuua majani?"

Nikamwambia tunatafuta mbegu ambayo haifi. Akaondoka bila kuaga, na mimi nikaona haya.

Baada ya wiki kadhaa, dengu nyingi zilikuwa zimekauka kama zilizobabuliwa na moto. Aina chache zilibaki kijani. Mkubwa akazihamisha kando, akanituma Kasongo kuchukua chumvi nyingine ili azijaribu kwa maji makali zaidi. Niliporudi, mgongo ukiniuma kwa ile barabara, nilikuta ndoo nyingine zote ziko tupu, zimeoshwa. Nikauliza udongo wake uko wapi. Mlinzi wa mradi akanyoosha kidole nyuma ya jiko.

Nyuma ya jiko palikuwa na bustani ya mama. Vitunguu na ngai-ngai, mboga ya majani machachu, za pale ndizo zilizotulisha kila kiangazi, na zilizozidi alizipeleka sokoni. Udongo wote ulikuwa umemwagwa juu ya matuta yake, na maji ya pipa juu ya udongo. Mama alikuwa shambani. Hakuna aliyemwuliza.

Nilimfuata mkubwa nikafoka mpaka sauti ikanikauka.

"Hapana kasirika," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kujifunza. "Iko bustani kidogo tu. Mvua itasafisha."

Mvua yenyewe ilikuwa bado mbali. Mama na mimi tuliukwangua udongo ule kwa jembe tukaubeba kwa beseni, lakini maji yalikuwa yameshazama. Vitunguu vikaanza kukauka kuanzia ncha, ngai-ngai zikapukutisha majani, na juu ya matuta ukatokea ukoko mweupe. Kila asubuhi mama alikwenda kuviangalia, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Kisha mkubwa akauona ule ukoko. Akainama, akaugusa, akalamba kidole, uso ukamng'aa.

"Sasa tuko na udongo ya chumvi ya kweli," akasema. "Ndoo basi. Tutapanda hapa."

Akaleta vigingi na kamba, akaanza kuipima bustani ya mama yangu mbele ya macho yangu. Mama alizoea Kibangubangu, lugha ya kwetu, na Kiswahili cha yule bwana kilimshinda kabisa, kwa hiyo mkubwa akaniambia, "Mufasirie mama."

Msimu mzima nilikuwa nikiyalainisha maneno yake kabla ya kumpa mama. Siku ile sikulainisha kitu. Nilimwambia: anafurahi kwamba bustani yako imekufa, anataka kupanda vyake juu yake.

Mama akasimama. Aling'oa kigingi cha kwanza, kisha cha pili, akaendelea hivyo bila haraka mpaka vikaisha, akavikumbatia na kuingia navyo jikoni. Moshi wa vigingi ukaanza kutoka.

"Anafanya nini?" mkubwa akaniuliza.

"Anawasha moto."

Hakuuliza anapika nini. Angeuliza, ningemwambia kwamba sufuriani mlikuwa na maji tu, maana mboga ziliishia bustanini.