Mshika Bendera Aliyesema Hakuona

Malachy Hoctor alikuwa na ng'ombe arobaini wa maziwa, dada mmoja asiyecheka, na koti jeupe lililopigwa pasi vizuri kuliko suti ya bwana harusi. Koti hilo ndilo lililomjulisha Tipperary nzima, jimbo letu la Ireland. Kwa miaka thelathini na moja alisimama kwenye nguzo ya kushoto ya goli katika mechi za hurling, mchezo wetu wa magongo, nami nikasimama kwenye ya kulia. Mpira ukipita juu ya mwamba katikati ya nguzo, tunainua bendera nyeupe: pointi. Ukiingia wavuni, ya kijani. Ukienda nje, tunatandaza mikono. Kazi ni hiyo tu, na watu wametutukana kwa ajili yake tangu nikiwa na nywele.

Kwetu refa huja na watu wake mwenyewe. Refa wetu, Donagh Spelman, alikuwa akitukusanya majirani wanne garini, na chai kwenye chupa na mikate ya nyama ya nguruwe iliyotengenezwa na Attracta, dada yake Malachy. Alituamini, hasa Malachy, ambaye hakuwahi kusema "nadhani."

Msimu ule wa mashindano ya shule tulipangiwa Kilraheen mara tatu. Ni kashule ka wavulana themanini, hakajawahi kufika hata nusu fainali. Novemba, kwenye tope, nilidhani watapigwa mapema turudi kukamua. Kumbe walikuwa na Fintan Looby, mtoto wa fundi bomba, mwembamba kama ufito, ambaye kazi yake ilikuwa mipira ya pembeni. Mpira ukishatoka pembeni, unalazwa mstarini kwenye nyasi na huruhusiwi kuuinua. Unaukata chini yake kwa gongo, na wanaume wazima wengi hupiga udongo, wakaishia kuchimba viazi. Fintan aliukata ukaruka kutoka mstarini hadi kati ya nguzo. Malachy aliinua bendera, akasahau kuishusha.

"Umemwona yule?" aliniuliza garini.

"Nani?"

"Ah, nenda zako!"

Robo fainali ilikuwa Januari, nyasi zikiwa ngumu kwa baridi. Fintan alikata miwili. Wiki ile Attracta alinisimamisha nje ya kanisa. "Kaka yangu anawasimulia ng'ombe habari za mtoto fulani," alisema. "Mwenzake wewe, zungumza naye."

Fainali ilikuwa Machi, dhidi ya shule kubwa ya bweni yenye kabati zima la vikombe. Dakika ya mwisho walikuwa sawa, na Kilraheen wakapata mpira wa pembeni, mbali, upepo ukiwa usoni.

"Chimba viazi, wewe!" walimpigia kelele watu wa bweni.

Fintan alipoinama, kelele zikakatika. Nimeona mengi uwanjani, lakini mkato ule ulinisisimua mwili mzima. Gongo lilipita chini ya mpira bila kuchubua hata udongo, na mpira ukapanda, ukapanda, ukakata upepo kama vile upepo ni wa watu wengine. Ulipita juu kabisa ya ncha ya nguzo ya kushoto. Nikamgeukia Malachy. Mikono yake ilikuwa inaning'inia.

Donagh akaja mbio. "Vipi?"

"Sikuona."

"Unasemaje?"

"Sikuona, Donagh. Nilikuwa namwangalia kijana."

Donagh akanigeukia mimi. Kutoka nguzo yangu haikuwezekana kujua, nikamwambia hivyo. Na pointi haitolewi kwa kubahatisha. Donagh akatandaza mikono, mpira ukahesabiwa nje. Dakika za nyongeza miguu ya Kilraheen iliishiwa nguvu, wakafungwa kwa pointi nne.

Tulitoka kwa matusi. "Mnunulieni miwani!" "Kipofu wa kulipwa!" ilhali hatulipwi hata senti. Mama mmoja alimtupia Malachy mwavuli. Nami nilikuwa nimechemka.

"Ungesema ndani! Au nje! Lolote, bwana! Nani angejua?"

"Nimwamulie mtoto kitu nisichokiona?" alisema, akikunja koti lake.

Tulimkuta Fintan kando ya gari, tope hadi shingoni, macho mekundu. Nikajua sasa tunapigwa kwa gongo.

"Mzee, ulipita ndani?"

"Sijui, mwanangu," alisema Malachy. "Miaka yote naangalia mpira. Leo ulivyoukata, nikasahau kama kuna mpira. Nimekunyima kikombe. Nisamehe."

Mtoto alifuta pua kwa mkono wa jezi. Nikaanza kutafuta mlango wa gari.

"Ilikuwaje?" akauliza.

"Nini?"

"Nilivyopiga. Mimi sijawahi kuona. Nakuwa nimeinama."

Malachy aliniangalia, kisha akaomba lile gongo. Mzee wa miaka sitini na sita akasimama kwenye kokoto na viatu vya Jumapili, akaanza kumwonyesha: bega lilivyogeuka, mkono wa chini ulivyolegea, goti la kushoto lilivyoshuka taratibu. Basi la Kilraheen lilipiga honi mara mbili, na mwalimu akamwita kwa jina. Fintan hakugeuka.

"Rudia pale kwenye goti," alisema.