Wamama walichimba ndago yangu kwa mikono, mwanangu akaipulizia dawa

Admin, jina langu lifiche. Mimi ni susu, yaani nyanya, wa pande za Migwani, mjane, miaka naambiwa ni sabini na kitu. Shule sikuona hata mlango. Binti yangu aliye Kitui mjini ndiye anaandika, mimi naongea kwa simu, na nimemwambia asinipunguzie hasira.

Tuko na kikundi cha wamama. Tunapanda ndengu bila dawa yoyote, na mnunuzi huchukua ya wote pamoja. Mmoja akipuliza, ndengu ya wote imeharibika jina. Hiyo hata kuku wangu wanajua.

Shamba langu liliingiwa na ndago. Hiyo nyasi ukiikata juu inakucheka, uhai wake uko kwa vinundu vya chini. Kwa hivyo tunaenda mwethya, leo kwangu, kesho kwako. Wakati wa kiangazi, jua likichoma, wamama wanachimba na jembe la meno, wanaokota vinundu, tunavianika juu ya mwamba mpaka vife. Kuna mama ana magoti mabaya kunishinda, na alikuja. Kulibaki kipande kimoja tu kando ya mto.

Majuzi nikaenda matanga Nuu, nikakaa huko wiki nzima. Kurudi, hicho kipande chote kimegeuka manjano. Nyuma ya choo nikapata pampu ya dawa, bado inanuka. Nikaita kitinda mimba wangu, mwanaume mzima wa ndevu.

“Hii ni nini?”

“Mwaitu, mama yangu, nilihurumia mgongo wako. Hao wamama wanachimba kama fuko. Mimi nimemaliza asubuhi moja.”

“Umemaliza nini?” Nikachimba mbele yake, nikapasua kinundu na kucha. Ndani cheupe, kinangoja mvua tu. “Umenyoa nywele, kichwa kiko!”

Akakisukuma kinundu na kidole cha mguu. Halafu ati, “Sasa nani atajua?”

Nilimrushia kiatu. Kikampata.

Kesho yake mwenyekiti wetu akapita, akaona ndago imekauka, akapiga vigelegele. “Wee susu, hii umeifanyaje? Alhamisi mwethya wote tunakuja kuona!” Nikacheka meno tu. Ukweli sikumwambia.

Kijana naye anasema nikimwanika mbele ya wamama, ataondoka nisimwone tena. Ndiye amebaki nami. Ndiye hunichotea maji na punda, ndiye alinibeba mgongoni mguu ulipokataa. Nampenda huyo mjinga. Jana nimempikia muthokoi huku nikimtukana.

Pasta ananiambia niombe. Nimeomba. Lakini wale waliopiga magoti kwa shamba langu, nitawaangalia na macho gani? Kunyamaza nimeshindwa, hata kikundi kikinitoa.

Alhamisi wako hapa na majembe yao. Nyinyi mlio na watoto wa kiume, niambieni mngefanya nini: niwasimamishe langoni niseme mimi, ama nimpeleke huyu mwanaume kando ya mto, nimpe jembe, achimbe wakiona, aseme na mdomo wake?