Mhusika Hakupatikana

Miaka kumi na tisa nimekaa masjala, chumba cha mafaili kilicho mwisho wa korido ya ofisi yetu hapa Bomani, na sijawahi kumsikia mtumishi hata mmoja akisema anaipenda kazi yake. Ukiwasikiliza wakati wa chai ungedhani wamefungwa minyororo kwenye meza. Huyu bila ajira angekuwa tajiri wa mahindi Mbalibali. Yule angekuwa na lori la kwenda Sirari na kurudi. Afisa mifugo, bwana mwenye kifua na sauti ya kuitia ng'ombe, alikuwa na wimbo wake, na kila mtu kwake ni mura, kijana: "Siku serikali ikiniambia nenda, mura, hata koti langu pale msumarini sichukui!"

Mimi wimbo wangu ulikuwa mfupi. Nilitaka kurudi nyumbani nikae. Shamba sikulitaka, lori sikulitaka. Mimi ni mtu wa nyumbani kiasi kwamba kwenye harusi ya mdogo wangu niliaga kabla maharusi hawajafika ukumbini. Nina kiti barazani, nina redio, nina chai ya maziwa. Ofisini walikuwa wakinitania kwamba nikistaafu sitahitaji kuagwa, nitahitaji kufukuliwa.

Basi Jumatatu moja serikali ikasema nenda.

Ulikuja waraka. Mtumishi mwenye miaka kumi na tano kazini na kuendelea anaweza kuomba kuacha kazi kwa hiari, apewe mafao yake na kifuta jasho juu. Ajaze fomu, airudishe kwa afisa utumishi kabla ya saa tisa alasiri siku ya Ijumaa. Asiyerudisha, amebaki. Fomu zilikuja zimeshaandikwa majina, na kazi ya kuzigawa ikawa yangu.

Sasa, masjala karatasi haiendi kwa mtu bila kitabu. Kitabu chetu kina safu ya jina, safu ya tarehe, safu ya sahihi, na pembeni kasafu kembamba ka maoni. Unatia sahihi kuonyesha kwamba karatasi imekufikia. Basi. Hata barua ya kukuita kufyeka nyasi za uwanja wa ofisi unaitilia sahihi, na kufyeka huendi.

Kufika saa nne uvumi ulikuwa umeshazunguka kwenye kundi la WhatsApp la watumishi: ukitia sahihi kwenye kile kitabu, umekubali kuondoka. Nani alianzisha, sijui. Ninachojua ni kwamba mimi wa kidato cha nne, tena matokeo yangu nikiulizwa huwa nasema yamepotelea kwenye mafaili, nilishinda siku nzima nawafundisha wenye digrii tofauti ya kupokea na kukubali.

"Weka tu hapo mezani, dada."

"Nikiweka mezani utakuwa umepokea. Tia sahihi."

"Aa, kalamu yangu imeisha wino."

"Hii hapa yangu."

"Ya kwako ni nyekundu."

Ilikuwa ya bluu. Tajiri wa mahindi alijifungia chooni mpaka nikahofia afya yake. Mwenye lori aliniona natokea kwenye korido akaweka simu sikioni, akaanza kusema "ndiyo, ndiyo" na mtu ambaye hayupo, kwa sababu ile simu ilianza kuita akiwa ameishika hapohapo sikioni.

Jumanne nikamtafuta afisa mifugo. Nilimkuta stoo, nyuma ya friji la chanjo, amesimama kama mtu anayepimiwa suti. Yeye na mume wangu walitahiriwa msimu mmoja, kwa hiyo ananiita shemeji.

"Shemeji, funga mlango."

"Nifunge nini? Fomu yako hii. Koti nitakutunzia."

Hakucheka. Akaniambia kwamba ukoo wake kule Kenyamonta ulishapata habari, na jana usiku walikaa bila yeye. Mafao yake, ambayo hata hajayaomba, wameshayageuza ng'ombe. Mdogo wake wa kwanza anaoa kwa hao, wa pili anaoa kwa hao, na baba mdogo, mwenye wake wawili tayari, naye ameonyesha nia.

"Wamenibakizia nini? Ndama mmoja! Wanasema huyo wa maziwa ya watoto."

"Si ukatae? Wewe si mwanaume wa Mara?"

"Kumkatalia baba mdogo? Wewe unanitakia nini?" Akashika kile kitabu kwa mara ya kwanza, akaweka kidole kwenye safu ya maoni. "Hapa andika sikupatikana. Nikiulizwa nyumbani niseme fomu haikunifikia."

Mtu mwenye kifua kile. Nikaandika *Mhusika hakupatikana*, naye amesimama mbele yangu, tena ananisahihishia tarehe. Nilitoka pale nikiwadharau wote, mmoja baada ya mwingine. Kufika jioni wakaanza kuja masjala kwa kunyata, kila mtu peke yake, kila mtu akidhani amebuni yeye. Nikawaandikia.

Fomu yangu ilikuwa chini kabisa ya lundo. Nilijiambia nitajipelekea mwisho, kwa adabu. Kutia sahihi na kuomba kuondoka nilikuwa nimeshaamua, tena kwa mbwembwe, ili waone. Ila nikataka kwanza kuonja. Jumatano nikaomba ruhusa kwamba nina homa, nikabaki nyumbani.

Mpaka saa tatu nilikuwa peponi. Kiti, redio, chai. Saa tatu na robo wifi yangu akaingia getini na mama mkwe nyuma yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tumesikia sasa upo."

Nani alisema nipo? Nilikuwa na homa! Lakini wifi alikuwa ameshakaa kwenye kiti changu, anapanga. Mama atahamia kwangu, maana kliniki yake ya mguu iko karibu na hapa. Watoto wawili wa wifi watakula mchana kwangu wakitoka shule. Na mtama wa kumwagwa juani, si baraza ni pana na nipo wa kufukuza kuku?

"Na mimi nitakaa wapi?" nikauliza.

"Wewe?" Wifi alishangaa kweli. "Wewe si utakuwa upo tu?"

Alasiri nilikuwa nimesimama juani na fimbo, nafukuza kuku wangu mwenyewe, natamani ile korido.

Ijumaa saa tisa kasoro afisa utumishi, mama aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, mpole wa sauti na mkali wa macho, aliniita na kitabu. Akafunua ukurasa. Akashusha kidole taratibu kwenye safu ya maoni, kutoka juu mpaka chini.

"Hakupatikana. Hakupatikana. Hakupatikana. Ofisi nzima haikupatikana wiki nzima. Mwisho wa mwezi benki itawapata?"

Kidole kikafika mstari wa mwisho, ambao wino wake ulikuwa haujakauka vizuri.

"Na hili si jina lako?"

"Ndilo, bosi."

"Wewe ndiye uliyekuwa unazungusha kitabu. Wewe mwenyewe hukujipata?"

"Ndiyo hivyo bosi, nilikuwa nazungusha kitabu. Kila nikifika masjala, sipo."

Alinitazama. Yale macho niliyafahamu. Wiki nzima nilikuwa nawatazama nayo wenzangu. Kisha akaitazama saa ya ukutani ikapita tisa, akagonga muhuri, akanirudishia kitabu changu.

Nyumbani nilimkuta wifi na gunia la kwanza la mtama. Nikamwambia fomu haikunifikia. "Serikali hii!" akasema, akalibeba gunia lake akaondoka nalo. Nikakaa kwenye kiti changu mpaka giza likaingia.

Jumatatu, wakati wa chai, afisa mifugo alikuwa ameshaanza. "Wangeniambia nenda, mura, hata koti..." Lile koti lilikuwa msumarini. Nikamsogezea sukari.