Nyonga Ilipona, Nikasema Yaniuma

Kosa ni langu, sitamsingizia shetani. Niacheni niseme, maana nikizidi kunyamaza moyo utanipasuka.

Mimi ni mjane, naishi kijijini Munje. Mwanangu mmoja yuko Mombasa, na simu yake huja Idi hadi Idi. Mwaka jana niliwekwa nyonga ya bandia. Alhamdulillahi, nilipona vizuri, hata mkongojo nikauacha.

Hospitali walikuwa na utaratibu wao. Nesi alitupigia simu wote tuliofanyiwa upasuaji ule, aulize maumivu, kutembea na kulala, ili wajue kazi yao imefaa au wairekebishe. Aliyepona simu zilikoma. Anayeumwa alipigiwa kila wiki.

Na yule binti alikuwa na adabu jamani! Shikamoo mama, umelalaje, umekula nini? Tangu mume wangu afariki hakuna aliyewahi kuniuliza nimekula nini. Nikamwambia nyonga yaniuma. Wiki iliyofuata nikasema yazidi. Akiniita nikapigwe picha, nasingizia mvua, nasingizia matanga. Na huku nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, kikalio walichonikataza kwa ufupi wake, wala sisikii kitu.

Jirani yangu Mwanatumu, shoga yangu tangu usichana, alikuwa akingoja zamu yake ya nyonga. Chooni alikwenda kwa kutambaa. Siku moja alirudi kutoka hospitali akilia. Akaniambia madaktari wamesimamisha kwanza kuweka nyonga za aina niliyowekwa mimi, kwa sababu kuna mgonjwa bado anaumwa na hawajui kwa nini.

Mgonjwa huyo ni mimi!

Nilimpigia nesi nikamweleza yote. Akasema, "Mama, ungeniambia tu kwamba uko peke yako. Hilo nalo ningeliandika."

Mwanatumu nilimwungamia mwenyewe, uani kwake. Alikaa miezi mingine akitambaa kabla hajafanyiwa upasuaji. Sasa anatembea. Anapita mbele ya mlango wangu kwenda dukani, na hapigi hodi.

Ndugu zangu, hospitali wakikuulizeni hali, semeni ilivyo. Jibu lako ndilo linaloamua mwenzako atatibiwa vipi. Na kama ni upweke unaokuuma, sema ni upweke, usiubandike kwenye mguu.

Mimi sasa nimeandikwa nimepona. Simu imekaa pale juu ya meza, imejaa chaji, wala hailii.